Yai Lililolala Chali

Swali lililomharibia Bi Sindano siku lilikuja na kikombe cha chai. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara, bisibisi kwenye mfuko wa shati, anapuliza chai yake isimuunguze, na akauliza kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia kama sukari imebaki.

"Na yale mayai yasiyogawanyika, shemeji? Yenyewe mstari wake unakwendaje?"

"Yale ni mabovu. Nayatupa."

"Najua unayatupa, karo linanuka hadi ofisini kwangu. Nimeuliza mstari wake unakwendaje."

Bi Sindano aliinua macho kutoka kwenye darubini ili amjibu. Akawa kama mtu anayekumbuka katikati ya safari kwamba ameacha jiko linawaka. Hakuwa amewahi kuupima.

Tumjue kidogo huyu mama kabla mambo hayajamzidi. Jina la Bi Sindano alipewa na wenzake kwa ajili ya sindano za kioo alizozivuta mwenyewe kwa moto, nyembamba kiasi kwamba ncha yake huioni, unajua tu ipo ukishaona damu kidoleni. Shemeji naye, mhandisi wa mitambo ya maabara, alikuwa mdogo wa mumewe, shemeji halali wa kutaniwa, lakini jengo zima lilikuwa limeliteka jina hilo, hata mlinzi wa getini alimwita Shemeji na wala hawakuoleana popote. Utani wao ulikuwa wa kila siku. Huu wa leo haukuwa utani, na wote wawili walilijua hilo kabla chai haijapoa.

Kazi yake ilikuwa hii. Yai la chura ni seli moja, kubwa kama punje ya mtama, jeusi upande mmoja na jeupe upande wa pili. Likirutubishwa hujigeuza lenyewe ndani ya ute wake mpaka weusi utazame juu. Likisha kutulia, baada ya saa moja na nusu hivi, mfereji huanza kuchimbika pale juu kwenye weusi, ukashuka pande zote mbili hadi chini kwenye weupe, na seli moja ikawa mbili. Sasa, ukikata mkate, pale kisu kilipopita hapana ganda. Mkate hauoni shida. Seli haiwezi kukaa bila ganda hata kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo hulazimika kutandaza utando mpya palepale mferejini, mweupe pe, usio na rangi ya ule wa zamani. Bi Sindano alikuwa anadai kwamba tofauti si ya rangi tu. Utando mpya, alisema, unapitisha chumvi ambazo ule wa zamani unazizuia, na ndiyo maana umeme wa ndani ya yai hubadilika mara mfereji unapoanza.

Ushahidi wake ulikuwa mstari. Alikuwa anachomeka sindano ya kioo ndani ya yai, waya unatoka kwenye sindano hadi kwenye mtambo wa Shemeji, na kalamu ya mtambo inachora juu ya karatasi inayotembea. Mfereji ukianza, mstari unashuka. Kila mara unashuka. Juu ya mstari huo alikuwa amejenga masomo yake yote ya udaktari, na kwa ajili ya masomo hayo mama mkwe wake alikuwa analea wajukuu, akiuliza kila Jumapili kama hao vyura hawana mwisho.

Shemeji aliweka kikombe juu ya meza. "Sindano inatoboa," alisema. "Tundu linavuja. Kisha linaziba polepole, si ndiyo? Na likiziba mstari unafanyaje?"

"Unashuka."

"Ligawanyike lisigawanyike?"

Bi Sindano aliitazama ncha ya sindano yake. "Ligawanyike lisigawanyike," alisema.

"Basi pengine hatupimi utando mpya, shemeji yangu. Pengine tunapima kidonda kinavyopona." Alisema kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomuuma Bi Sindano kuliko maneno yenyewe. "Niambie nimekosea, niende zangu."

"Miaka yote hii hukuona, umeona leo?"

"Leo ndiyo limenijia. Ningelinyamazia ungekuja kunichukia zaidi."

Leo! Mtahini kutoka chuo cha nje alikuwa tayari yuko jengoni, anakula chakula cha mchana na mkuu wa idara. Mtu huyo alijulikana kwa mambo mawili: hasomi tasnifu mpaka aone kazi kwa macho yake, na hacheki. Alikuwa amekuja kuona yai moja likigawanyika sindano ikiwa ndani, aone mstari ukishuka, kisha jioni arudi kwao kwa ndege. Vyura nao walikuwa wamegoma. Kati ya wote waliodungwa dawa ya kutaga, mmoja tu ndiye aliyekubali, na mayai ya chura hayakai. Yakipitisha mchana yanalegea, hayafai kwa lolote. Mtambo ulikuwa mmoja na ulipokea yai moja kwa wakati. Ukitaka maji ya shingo, hayo ndiyo maji ya shingo.

Alikwenda kwa Profesa. Profesa alikuwa mama mtu mzima aliyemlea kitaaluma tangu alipokuwa anaogopa kumshika chura, na alimsikiliza mpaka mwisho huku akisafisha miwani kwa upindo wa kanga aliyojitanda mabegani kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi.

"Mgeni kakuuliza hilo?" Profesa alisema.

"Bado."

"Basi kwa nini umuulizie? Mwanangu, mtu akila chakula kimya, humwambii hakina chumvi. Muonyeshe ulichoandika. Akiondoka tutapima hayo mabovu kwa raha zetu, mwezi ujao, vyura wakitulia."

"Na kama mstari unashuka kwenye mabovu?"

Profesa alivaa miwani. "Kama unashuka," alisema, "mimi na wewe tumepoteza miaka. Ndiyo maana nakwambia, si leo."

Bi Sindano alirudi meza yake akiwa na hasira ambayo hakujua amwelekezee nani. Shemeji kwa kuuliza? Profesa kwa kusema kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa anakitamani? Alikamua mkupuo wa kwanza wa mayai kwenye sahani, akayapaka mbegu za dume, akayamwagia maji. Nusu saa baadaye akakamua mkupuo wa pili, akafanya vilevile. Mikono ilifanya kazi yake kama kawaida. Yale ya mkupuo wa kwanza ambayo hayakugeuka, yaliyobaki na weupe juu, aliyachota na kuyatia kwenye bakuli karibu na karo, tayari kumwagwa. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofanya siku zote: lililogeuka limerutubishwa, lisilogeuka ni takataka. Alilitazama bakuli lile kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Mtahini aliingia bila kelele, akavua koti, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kiti. Alisalimia wote kwa mkono. Kisha akaketi mbele ya karatasi ya mtambo kama mtu anayesubiri taarifa ya habari.

Yai la kwanza lilifanya adabu. Bi Sindano alililaza kwenye tundu la nta, dogo kiasi cha kulibana yai lisitikisike, akashusha sindano. Mstari ukaenda sawa, ukaenda sawa, na ghafla juu ya weusi wa yai kukatokea mkunjo mdogo, kama alama ya ukucha. Mkunjo ukawa mfereji. Mferejini ukachungulia utando mpya, mweupe. Na kalamu, bila kuambiwa na mtu, ikaanza kushuka.

"Naam," alisema Mtahini. Alitazama darubini, akatazama karatasi, akatazama darubini tena. Akafunika kalamu yake. "Kazi safi. Nilivyosoma ndivyo nilivyoona."

Profesa alivuta pumzi ndefu. Ingeishia hapo. Kikao kingefungwa, koti lingevaliwa, mama mkwe angeambiwa vyura wamekwisha. Bi Sindano aliona wazi maisha yote hayo mazuri, yamewekwa mezani tayari kuliwa, na akaona pia jinsi ambavyo angeamka kila siku ndani yake akijiuliza ni utando au ni kidonda. Mficha uchi hazai. Liwalo na liwe.

"Kuna yai lingine," alisema, "naomba ulione kabla hujaondoka."

Profesa alikohoa. Kilikuwa kikohozi chenye maneno mengi. Bi Sindano hakugeuka.

Alieleza swali kama alivyoulizwa, bila kulipunguza. Mtahini alisikiliza, akafunua tena kalamu yake. "Swali la nani?"

"La shemeji yangu," alisema, na Shemeji, aliyekuwa nyuma ya mtambo, alijikuna shingo kwa aibu kama aliyekamatwa anakula mboga jikoni.

Kwenye sahani ya mkupuo wa pili mayai yote yalikuwa yametazama juu kwa weusi wao, yamebakiza muda mfupi kugawanyika. Moja tu, pembeni kabisa ambako maji yalichelewa kufika na ute ukaganda, lilikuwa na weupe juu. Bovu. Alilibandua kwa uangalifu, akalivua ute wake, akalibana kwenye tundu la nta vilevile lilivyokaa, weupe juu. Sindano ikaingia laini. Mstari ulishuka hatua moja ya kuingia kwa sindano, ukatulia kimya, bila hata kutikisika. Alishukuru kwa utulivu ule. Laiti angekuwa na akili tulivu siku hiyo, utulivu ule ungemshangaza.

Wakangoja. Kiyoyozi kiliunguruma. Mtahini hakutazama dirishani wala saa, alitazama kalamu. Mstari ulikwenda sawa, na kila sentimita ya karatasi iliyotoka bila kushuka ilikuwa kama jiwe linaloondolewa mgongoni mwa Bi Sindano. Alianza kupumua. Alianza hata kufikiria kumtania Shemeji. Kwenye sahani, kandoni, mayai mazima ya mkupuo ule yalianza kuweka ile alama ya ukucha, moja hapa, moja kule.

Ndipo kalamu ikaanza kushuka.

Ilishuka kidogo, kana kwamba imeteleza, kisha ikashuka kwa nguvu zote, umbo lilelile, urefu uleule. Bi Sindano aliinama kwenye darubini: uso mweupe wa yai ulikuwa laini, hauna mkunjo wala alama. Yai halikugawanyika na mstari umeshuka.

Alisimama wima. Alitaka kulia na hakutaka walione hilo, kwa hiyo alisema haraka.

"Unashuka. Yai halijagawanyika na mstari unashuka. Basi ninachokipima si utando mpya. Ni kidonda cha sindano yangu mwenyewe. Nimekosea, na tasnifu yote imekosea pamoja nami."

Profesa aliketi polepole. Mkono wake ulishika ukingo wa meza. Mtahini aliandika sentensi moja, akaiwekea nukta, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na upole. "Nasikitika," alisema. "Kwa kweli nasikitika." Akanyoosha mkono kuchukua koti.

Simu yake ikalia. Dereva wa kumpeleka uwanja wa ndege alikuwa amefika. Shemeji, uso umemsawijika, alipeleka kidole kwenye swichi ya mtambo kuuzima.

"Usizime!"

Bi Sindano alipiga kelele kiasi cha kujishtua. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Kitu fulani kilikuwa kinamkera, kama punje ya mchanga katika wali, na alikitafuta kwa ulimi wa akili mpaka akakipata. Kidonda hakingoji. Kidonda huanza kupona palepale kinapotobolewa, upesi mwanzoni, kisha polepole. Mstari huu ulikuwa umekaa sawa muda wote ule, halafu ukashuka wakati ndugu zake kwenye sahani wanaanza kugawanyika. Kidonda gani kinachojua saa?

Na tena. Alifunga macho ili aione ile sindano ikiingia. Yai ambalo halijaonja mbegu ya dume, likichomwa, hushtuka. Mstari huruka juu kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, kwa sababu yai hilo hudhani sindano ndiyo mbegu. Kila anayefanya kazi hii analijua jambo hilo. Hili halikushtuka. Liliipokea sindano kimya, kama yai ambalo limekwisha kushtuliwa zamani, na mwenyewe halali, mbegu ya dume.

"Limerutubishwa," alinong'ona.

"Halikugeuka," alisema Profesa. "Umeliona mwenyewe, halikugeuka."

"Halikuweza! Maji yalichelewa, ute ukalibana pembeni kule, na mimi nikaja kulibana zaidi kwenye nta. Mama, yai hili limelala chali. Weusi uko chini. Mfereji unaanzia kwenye weusi." Alikuwa amekwisha kuinama kwenye darubini, na sauti yake ikatoka imebanwa na mdomo wa chombo. "Unaanzia chini, tusikoona, unapanda."

Waliusubiri. Mtahini alisimama na koti mkono mmoja, simu ikilia tena, hajaipokea. Na kweli, ukingoni mwa ule uso mweupe, kulia, pakatokea mbonyeo. Kisha kushoto, ng'ambo yake sawasawa, mbonyeo mwingine. Ikawa midomo miwili inayotambaa juu ya weupe, inakuja kukutana katikati, na yai lililoitwa bovu likajikata mara mbili mbele yao. Kalamu ilikuwa imesema mapema kuliko jicho.

Bi Sindano alicheka. Alicheka na machozi yakamtoka, na safari hii hakuwaficha. Shemeji alipiga kofi mtambo wake kama mtu anayempongeza punda.

Mtahini alikuja kuangalia, akakaa kwenye darubini muda mrefu. Alipoinuka, alirudisha koti kwenye kiti. "Vizuri sana," alisema. "Lakini swali la shemeji yako liko palepale. Bado hujanionyesha yai lisilogawanyika."

"Bado," alikubali Bi Sindano. Ajabu ni kwamba hakuogopa. Hofu ilikuwa imemaliza kazi yake dakika chache zilizopita, aliposema amekosea na bado akabaki amesimama.

Alimtoa chura kwenye beseni, akamkamua taratibu, likatoka yai ambalo hakuna mbegu iliyolikaribia. Akalichoma. Lilishtuka vizuri kabisa: mstari uliruka juu, ukakaa huko kidogo, ukarudi chini, ukatulia. Mtahini aliipokea simu. "Subiri," alimwambia dereva, "au nenda, nitapata ndege nyingine." Wakakaa. Mayai ya sahanini yakawa vipande viwili viwili, yakawa vinne vinne, yakawa vinane vinane. Saa ya kugawanyika ikalifikia yai lile la sindano na kulipita, na mstari ukaenda sawa kama uzi wa fundi mwashi, na hakuna aliyeondoa macho hata Shemeji alipopiga chafya.

Profesa akavua miwani. "Mimi nilimwambia aache," alimwambia Mtahini waziwazi. "Uandike na hilo."

"Halina haja," alisema Mtahini. Alimgeukia Bi Sindano. "Sura ya nne utaiandika upya. Hili liingie. Na lile la chali liingie, na namna ulivyodanganyika nalo. Ukimaliza nitatia sahihi." Kisha akavaa koti, akawashika mikono wote, na mlangoni, bila kutabasamu, akamwambia Shemeji: "Wewe unywe chai zaidi."

Walipobaki wenyewe, Bi Sindano alikwenda kwenye karo. Bakuli la mabovu ya mkupuo wa kwanza lilikuwa bado pale, halijamwagwa. Alichukua kitanzi chake cha unywele, akalivingirisha yai moja taratibu, likageuka na kuonyesha tumbo lake jeusi lililokuwa chini. Halikukatika popote. Bovu kweli. Akaligeuza la pili, bovu. Akaligeuza la tatu.

Weusi wa la tatu ulikuwa umekatika vipande vingi vidogo, na kila kipande kilikuwa kinajikata tena, na kati ya vipande ulikuwa umetanda ule utando mpya, mweupe, ambao alikuwa ameutafuta kwa miaka na kuumwaga karoni kila mchana.

Shemeji alichungulia juu ya bega lake. Alikuwa na mzaha tayari mdomoni, ulionekana, lakini aliumeza.

"Mangapi yamepita hapa?" Bi Sindano aliuliza.

"Usihesabu, shemeji."

Hakuhesabu. Alimwaga yale maji machafu taratibu, akiziba kwa kiganja mayai yasitoke, akajaza maji safi, akaliweka bakuli mbali na karo mahali pasipopita mtu, na akayaacha yaendelee.